Vitamini A katika chakula cha kila siku: je, mboga zetu zinatosha?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine ana miezi tisa na bado ananyonya. Tunaishi karibu na Mumias. Chakula chetu ni ugali wa mahindi meupe tunayosagisha wenyewe, sukuma wiki, kunde na mrenda, omena mara mbili au tatu kwa wiki, na viazi vitamu vyeupe kutoka shambani. Maini tunanunua kwa nadra, na maziwa ni ya chai tu. Jirani ameniambia kwamba vitamini A ya mboga haifiki mwilini, kwamba ni lazima mtoto apate maini na karoti, la sivyo ninunue dawa ya vitamini ya maji kwenye duka la dawa. Je, ni kweli? Na wifi yangu ambaye ni mjamzito afanye nini?

Jibu: Mama, nianze na ile dawa ya maji, kwa kuwa ndiyo itakayokutoa pesa: usiinunue. Chakula ulichokitaja kinaweza kuwapa wanao vitamini A ya kutosha, mradi urekebishe mambo mawili yasiyo na gharama kubwa, yaani mafuta katika mlo wenye mboga na rangi ya viazi vitamu unavyopanda. Kuna pia jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni sahani yako mwenyewe. Nitalifikia, kwa sababu naliona kuwa zito kuliko yote uliyouliza.

Jirani yako hakuzua jambo. Vitamini A huja katika chakula kwa namna mbili. Ya kwanza ni retinoli, ambayo ni vitamini iliyokwisha kukamilika, na hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama: maini, kiini cha yai, maziwa ambayo hayajaondolewa mafuta, siagi, samli na samaki. Ya pili ni karotini, rangi ambayo mimea hujitengenezea na ambayo mwili wa binadamu huigeuza kuwa retinoli, kazi inayofanyika hasa katika ukuta wa utumbo mwembamba. Mgeuzo huo una upotevu mkubwa. Kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu wengi wa lishe tangu mwaka 2001, mikrogramu 12 za beta-karotini iliyo ndani ya chakula huhesabiwa kuwa sawa na mikrogramu moja tu ya retinoli. Kabla ya hapo hesabu ilikuwa sita kwa moja, kwa hiyo majedwali ya zamani yaliipa mboga sifa maradufu ya ile inayoistahili.

Mojawapo ya tafiti zilizowafanya wataalamu waifikirie upya hesabu hiyo ilitoka Indonesia na kuchapishwa mwaka 1995. Kina mama wanaonyonyesha walikula mboga za majani kila siku kwa majuma kadhaa, na vitamini A katika damu yao haikuongezeka, ilhali wenzao waliokula biskuti iliyotiwa beta-karotini safi waliongezeka vizuri. Habari ya namna hiyo husafiri, na inapofika sokoni huwa imebaki kipande kimoja tu, kwamba mboga hazifai. Kipande kilichoachwa njiani ni sababu yake. Ndani ya jani, karotini imefungiwa katika seli za mmea na kushikamana na protini, na haiyeyuki katika maji. Ili iingie mwilini ni lazima kwanza itolewe katika seli hizo, kazi inayofanywa na kisu, moto na meno, kisha iyeyuke katika mafuta yaliyomo katika mlo uleule. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi na kuliwa na ugali mtupu hupita tumboni, na sehemu kubwa ya karotini yake hutoka mwilini kama ilivyoingia. Mboga hiyohiyo ikikatwa laini, ikaiva na kupata mafuta, mambo hubadilika.

Mafuta yanayohitajika ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika utafiti uliofanywa Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2007, wanafunzi wa shule walilishwa vyakula vya mimea vyenye karotini pamoja na viwango tofauti vya mafuta, na akiba ya vitamini A katika miili yao iliongezeka hata kwa wale waliopewa kiwango cha chini kabisa, ambacho kilikuwa gramu 2.4 katika kila mlo. Hiyo ni kama nusu ya kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Mimi hushauri kiasi kinachozidi hapo kidogo, karibu kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji, na kwa nyumba ya watu watano hiyo ni sawa na vijiko viwili vikubwa katika sufuria nzima ya mboga.

Najua bei ya mafuta ilivyopanda, na katika nyumba nyingi mafuta ndiyo ya kwanza kupunguzwa fedha zinapokuwa haba. Hata hivyo, mafuta ninayoyazungumzia si lazima yatoke dukani. Mapishi ya kienyeji ya huku kwetu magharibi yalikuwa nayo tangu awali: managu na sagaa ziliungwa kwa maziwa au samli, kunde zikapata njugu karanga zilizosagwa, na simsim ikatiwa katika mboga na hata katika uyoga. Kijiko kimoja kikubwa cha njugu zilizosagwa laini kina takriban gramu nane za mafuta, na robo ya parachichi ina gramu sita au zaidi. Mti mmoja wa parachichi nyuma ya nyumba, unapozaa, unaweza kulitatua suala hili kwa miezi kadhaa bila shilingi kutoka mfukoni.

Mrenda unahitaji neno lake peke yake, kwa sababu ndiyo mboga inayopikwa mara nyingi bila tone la mafuta, kwa munyu au magadi, na watu wengi huamini kwamba ukiutia mafuta unaharibika. Sikushauri ubadilishe mapishi ambayo familia yako inayapenda. Karotini haidai mafuta yawe ndani ya mboga yenyewe. Inachodai ni yawepo katika mlo huo. Ukipika mrenda na kunde kwa munyu kama kawaida, kisha omena zikakaangwa kando, au kila mtoto akapewa kipande cha parachichi papo hapo, utumbo utayakuta yote mawili kwa wakati mmoja. Ukipenda, kijiko cha simsim iliyosagwa huingia katika mrenda bila kuharibu utelezi wake.

Watu huniuliza mara kwa mara kuhusu maji ya mboga. Mboga chungu kama managu huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha zikaungwa upya. Kwa upande wa vitamini A hasara yake si kubwa, kwa kuwa karotini haiyeyuki katika maji. Kinachomwagwa hapo ni vitamini C na folati, na kwa ajili ya hizo ni heri upunguze uchungu kwa kuchanganya managu na mboga isiyo chungu kama mchicha au majani ya malenge, kuliko kumwaga maji mara mbili. Adui halisi wa karotini ni mwanga wa jua na hewa. Kunde zinazoanikwa juani kwa ajili ya kiangazi hupoteza sehemu kubwa ya karotini kabla hazijafika ghalani, ilhali zikikaushwa kivulini, mahali penye upepo, na kuhifadhiwa katika chombo kisichopitisha mwanga, hubaki na zaidi. Sukuma iliyokatwakatwa asubuhi na kukaa mezani kwa mama mboga hadi jioni nayo huwa imepungua. Nunua majani mazima, ukate mwenyewe muda mfupi kabla ya kupika, na ufunike sufuria.

Sasa tuitazame hesabu ya mwanao mkubwa. Mtoto wa miaka minne anahitaji mikrogramu 400 za vitamini A kwa siku. Gramu 100 za sukuma wiki iliyopikwa hutoa karibu mikrogramu 380 baada ya hesabu ya 12 kwa moja kukwisha kufanywa, kwa hiyo vijiko vitatu vikubwa vilivyojaa, ambavyo ni gramu 50 au 60, humpa nusu ya mahitaji yake. Mchicha hutoa pungufu ya hapo, kama mikrogramu 140 kwa gramu 100. Mboga iliyo chini kabisa ni kabichi nyeupe, ambayo hutoa mikrogramu zisizozidi tano au sita. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa ifikapo Januari na Februari, sukuma inapokauka, nyumba nyingi huhamia kabichi zikidhani mboga ni mboga. Kabichi ina faida zake, lakini kwa vitamini A ni sawa na kutokula mboga kabisa. Kadiri jani linavyokuwa na kijani kilichokolea ndivyo linavyokuwa na karotini zaidi, na majani ya nje ya sukuma hushinda yale mepesi ya ndani. Kwa matunda na viazi, tazama rangi ya nyama ya ndani iliyo kama ya embe bivu. Wekundu usikudanganye: bitiruti haina vitamini A ya kutajika, na nyanya inayo kidogo tu.

Karoti ni chakula kizuri, gramu 100 zilizopikwa zikitoa mikrogramu 850 hivi, na kwa watu wa Molo au Nyandarua wanaozilima, ni jambo la busara kuzila mara kwa mara. Huko kwenu, ambako karoti husafiri mbali kabla ya kukufikia na bei yake hupanda njiani, hakuna sababu ya kuzikimbilia wakati shamba lako linaweza kutoa kitu kilicho karibu sawa nazo kwa karotini na kinachoshibisha kuliko karoti.

Hapo ndipo ninapofika kwenye viazi vitamu. Viazi vyeupe mnavyokula vina wanga mwingi na hakuna karotini ya maana ndani yake. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, vikichemshwa, hutoa kati ya mikrogramu 700 na 800 kwa gramu 100 pale rangi inapokuwa imekolea. Kipande chenye ukubwa wa yai la kuku kinakaribia kumtosheleza mwanao mkubwa kwa siku nzima. Sijui chakula kingine ambacho mkulima mdogo wa Mumias anaweza kukipanda mwenyewe, bila mbolea nyingi, na kupata faida hii ndani ya miezi minne au mitano.

Viazi hivi si vigeni katika eneo letu. Aina mbili zinazojulikana sana, Kabode na Vita, zilizalishwa Uganda chini ya mtafiti Robert Mwanga, ambaye mwaka 2016 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis kwa kazi ya kurutubisha mazao kwa njia ya uzalishaji wa mbegu. Katika Busia na Bungoma uliendeshwa mradi ulioitwa Mama SASHA, ambapo mwanamke mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa hati ya kwenda kuchukulia marando, yaani vipande vya mmea vya kupandia, kwa mkulima wa karibu, pamoja na mafunzo ya lishe. Naupenda mpango huo kwa sababu uliunganisha zahanati na shamba, mahali pawili ambapo mama mmoja hupita lakini wahudumu wake hawakutani. Marando unaweza kuyauliza kwa afisa wa kilimo wa wadi yako, kwa vikundi vya kina mama vinavyoyakuza, au katika kituo cha Kakamega cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo. Ipo pia aina inayoitwa Kakamega yenyewe, SPK 004, yenye rangi ya chungwa hafifu, ambayo hutoa karotini kidogo kuliko Kabode. Kabla hujachukua, omba kipasuliwe kiazi kimoja mbele yako. Ganda jekundu si ushahidi wa kilichomo ndani.

Utasikia malalamiko kwamba viazi hivi ni vya majimaji, havina ule unga ambao watu wazima wa huku wanaupenda katika viazi vyeupe. Malalamiko hayo yana ukweli, ingawa Kabode ni vikavu kuliko aina nyingi za awali. Sikuambii ung'oe vyeupe. Panda matuta machache ya vile vya rangi ya chungwa kando yake na uviweke kuwa vya watoto, ambao kwa kawaida hupenda ulaini na utamu wake. Vichemshe na maganda yake, katika maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, na utakuwa umehifadhi sehemu kubwa ya karotini. Ukivikausha juani na kuvisaga kuwa unga wa kuweka kwa miezi, nyingi itapotea.

Tatizo la kweli la zao hili ni kiangazi. Mvua ikikatika marando hukauka, na mvua za Machi zinapoanza mkulima hana mbegu. Wanaoishi karibu na kingo za mto Nzoia au penye chemchemi huhifadhi kitalu kidogo kwenye unyevu, na hiyo ndiyo njia rahisi. Asiye na sehemu oevu anaweza kutumia mchanga. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo na vya wastani visivyo na tundu la fukusi wala jeraha, vipange katika beseni kwa tabaka za mchanga mkavu, na uliweke ndani ya nyumba mahali penye ubaridi. Vikague kila baada ya majuma kadhaa na uondoe vilivyooza. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vipande katika kitalu kidogo nyuma ya nyumba, ukivimwagilia maji hata yale yaliyotumika kuoshea vyombo, na mvua ikinyesha utakuwa na marando ya kukata. Majani yake machanga nayo ni mboga, yakipikwa kama mchicha.

Mama, sasa nije kwako. Mwanao mkubwa anahitaji mikrogramu 400, na mwanamume mzima 900. Wewe unayenyonyesha unahitaji 1,300, kiasi kinachozidi cha mtu mwingine yeyote katika nyumba yako, kwa sababu kila siku unatoa vitamini A katika maziwa yako. Mtoto wa miezi tisa anahitaji mikrogramu 500 hivi, na sehemu kubwa huipata kwako. Mwili wa mama ukipungukiwa, maziwa yake hupungukiwa vitamini hiyo pia, hata yakiwa mengi. Katika nyumba nyingi ninazozitembelea, mama hupakua chakula kwa kuanzia na baba, kisha wageni, kisha watoto, na yeye hula kilichobaki, ambacho mara nyingi ni ugali na mchuzi. Nakuomba uiache desturi hiyo angalau kwa mboga. Sahani yako iwe na mboga nyingi kuliko zote, bakuli zima la mboga zilizoungwa kwa mafuta, na viazi vya rangi ya chungwa vikipatikana, ule kimoja kizima cha wastani. Mumeo akiuliza, mwambie kwamba ni chakula cha mtoto kinachopitia kwako.

Kwa mtoto mwenyewe wa miezi tisa, endelea kumnyonyesha hadi atimize miaka miwili au zaidi, na umpondee viazi hivyo kwa maziwa kidogo au kwa njugu zilizosagwa laini kabisa, kamwe si njugu nzima zinazoweza kumkaba. Chagua njugu zisizo na ukungu. Mboga za majani ziponde sana kabla ya kumpa, na uziweke ndani ya uji mzito au kiazi, kwa kuwa jani zima humshinda kutafuna na hutoka bila kufanya kazi.

Kuhusu maini, jirani yako ana haki ya kuyasifu. Kipande cha gramu 30 cha maini ya ng'ombe yaliyopikwa hutoa zaidi ya mikrogramu 2,000, na vitamini A huhifadhiwa katika ini la mlaji na kutumika polepole. Kipande hicho kimoja kwa wiki kinaweza kumbeba mwanao mkubwa kwa siku tano hivi. Kwa hiyo ukiweza kununua robo kilo mara moja baada ya wiki mbili na kuigawa kwa watoto, umefanya vyema, na usipoweza usijilaumu. Akiba hiyo ya mwili ndiyo inayofanya hata msimu wa maembe na mapapai uwe na thamani. Yai moja hutoa mikrogramu 80 hivi, na kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta zaidi kidogo ya 100, lakini yale ya chai ni kidogo mno kuhesabiwa.

Omena tusizitegemee kwa vitamini A. Katika samaki wadogo wanaoliwa wazima, vitamini hiyo hukaa zaidi kichwani na tumboni, na jua linalowakaushia ufukweni huiharibu kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo ziendelee kuwepo mezani, kwa sababu mwili hauwezi kuitoa vitamini A katika ini na kuisambaza bila protini maalumu ya kuibeba, na mtu aliyepungukiwa protini na zinki hukwama hapo hata kama akiba anayo. Omena huleta vyote viwili, pamoja na kalsiamu.

Ugali wenu wa mahindi meupe hauna karotini, na unga mnaosagisha hauongezwi kitu. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti, pamoja na mafuta ya kupikia, uongezewe virutubisho, vitamini A ikiwa mojawapo kwa upande wa mafuta. Unapoweza, nunua mafuta yenye alama hiyo kwenye lebo, uyaweke kabatini mbali na mwanga, na usikaangie mafuta yaleyale mara nyingi. Sikushauri uache mahindi yako ya shambani ununue unga wa dukani kwa ajili ya vitamini A peke yake, maana fedha hizo zitafanya kazi zaidi katika mayai.

Kabla ya kufikiria dawa ya duka, fungua kijitabu cha kliniki cha kila mtoto. Serikali hutoa matone ya vitamini A bila malipo: kipimo cha 100,000 IU (vizio vya kimataifa, si mikrogramu), kapsuli ya buluu, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na kipimo cha 200,000 IU, kapsuli nyekundu, kila baada ya miezi sita kuanzia mwaka mmoja hadi atimize miaka mitano. Wiki za Malezi Bora, ambazo kwa kawaida huwa Mei na Novemba, ni nafasi nzuri ya kuwapata waliokosa, lakini zahanati hutoa siku nyingine pia. Mwanao mdogo anastahili kuwa amekwisha kupata kipimo cha kwanza. Ikiwa hakikuandikwa, mpeleke wiki hii. Kipimo hicho kinamlinda kwa miezi michache na hakichukui nafasi ya chakula, na chakula chenye karotini hakiwezi kugongana nacho, kwa kuwa mwili hupunguza kugeuza karotini pale unaposhiba. Mtoto anayekula viazi hivi kwa wingi anaweza kuwa na viganja vya manjano, ambavyo havina madhara ikiwa weupe wa macho unabaki mweupe. Retinoli ya dawa ni tofauti. Ikizidi hujilundika katika ini na kuleta sumu, na ndiyo maana sitaki uongeze dawa ya chupa juu ya kapsuli bila mhudumu kukuambia. Fedha hizo nunulia dawa ya minyoo ikiwa haijatolewa kliniki, maana minyoo na kuhara hupunguza vitamini A inayofyonzwa.

Kuna hali ambazo hazingojei viazi kukomaa. Mtoto ambaye ikifika magharibi anajikwaa, anapapasa akitafuta kikombe kilicho mbele yake, au anakataa kutembea wakati wenzake bado wanacheza, huenda ana upofu wa usiku. Ukiona utando mkavu au doa jeupe lenye povu kwenye weupe wa jicho, au jicho limepoteza kung'aa, mpeleke hospitalini siku hiyohiyo, kwa sababu kioo cha jicho kinaweza kulainika na kupasuka ndani ya siku chache. Mtoto mwenye surua naye apelekwe upesi na upesi zaidi akiwa amekonda, kwani surua humaliza akiba ya vitamini A na matibabu yake ni pamoja na kupewa vipimo viwili vya vitamini hiyo kwa siku mbili mfululizo.

Wifi yako anahitaji mikrogramu 770 kwa siku, na mboga za kijani na viazi vya rangi ya chungwa avile atakavyo, kwa kuwa karotini haimdhuru mtoto aliye tumboni. Tahadhari yake iko kwenye retinoli. Mjamzito hapaswi kuzidisha mikrogramu 3,000 za retinoli kwa siku, kwa sababu kuzidi sana, hasa katika miezi mitatu ya kwanza viungo vya mtoto vinapojengeka, kumehusishwa na ulemavu wa kuzaliwa. Gramu 100 tu za maini ya ng'ombe huzidi kiwango hicho zaidi ya mara mbili. Nchini Uingereza wajawazito huambiwa wasile maini kabisa. Kwa hali ya kwetu, ambapo maini pia ni chanzo cha madini ya chuma, ushauri wangu ni ayaache katika miezi mitatu ya kwanza, na baadaye asizidi kipande kidogo, kama kile cha mtoto, mara moja kwa wiki. Asinywe mafuta ya ini la samaki wala vidonge vya vitamini A, na kama anatumia dawa yoyote ya chunusi, aionyeshe kliniki leo bila kungoja miadi, kwani baadhi yake zimetengenezwa kutokana na vitamini hiyo na ni hatari kubwa kwa mimba. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki havina vitamini A, kwa hiyo aendelee kuvimeza kila siku kama alivyoelekezwa.